Jina Moja Kwenye Kikombe cha Briji

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mke na mume mjini Tanga. Mke aliitwa Mwanjaa, mume Rehani. Walipendana, na wote wawili walipenda briji.

Mchezo wenyewe, ndugu zangu, uko hivi. Mnacheza wawili kwa wawili, wenzi wakitazamana. Kabla karata haijatupwa, mnanadi: nani ataahidi kula mizunguko mingi zaidi, na turufu, aina inayozila nyingine, iwe ipi: shupaza, kopa, uru au pau, au isiwepo kabisa. Kila ahadi lazima ipande juu ya iliyotangulia. Ukiahidi kumi ukala kumi, umevuna. Ukala tisa, umeumia. Na mwenzio humwambii neno, ila hiyo ahadi unayoitangaza.

Miaka ishirini walicheza kwenye klabu ya mjini. Kisha Rehani akapatwa na kiharusi. Akili ikabaki nzima, ulimi ukapotea njia. Alitaka kusema shupaza, ikatoka kopa. Alitaka nane, ikatoka kumi. Siku moja akaziweka karata mezani, akarudi nyumbani, akakaa anatazama ukuta. Mwanjaa akapika, mumewe hakula. Akamsemesha, hakuitika. Mwanjaa akawa anakwenda kulia jikoni, mlango ameufunga.

Binti yao Tunu, aliyekuwa mpanga ratiba za treni, akaja akayaona hayo.

"Mama," akasema, "kwa nini baba aeleze karata zake? Yeye aulize tu. Wewe ndiye ueleze."

Akatunga mbinu. Rehani ataonyesha kwa kidole, kwenye ubao ulioandikwa ahadi zote, mstari unaofuata. Maana yake: niambie zaidi. Mwanjaa atajibu kwa ahadi, na kila jibu lina maana yake: nina kopa tano, nina shupaza nne, hivyo hivyo, mpaka karata zake kumi na tatu zijulikane. Kisha Rehani atachagua, mara moja, basi.

Wakajaribu, wakaanguka. Maswali yalipanda na majibu yakapanda, mpaka wakaivuka ahadi ya kumi kabla hawajaelewana. Tunu akachana karatasi zake. "Nimeshindwa," akasema.

Mwanjaa akaketi mezani. Akagawa karata, akaandika kilichotoka. Akagawa tena, akaandika tena. Mara mia nne. Kisha akamwita bintiye. "Mwanangu, karata zinazokuja kila siku umezipa majibu marefu, na zile za nadra majibu mafupi. Geuza."

Wakageuza. Mbinu ikafika mwisho kabla ya ahadi ya kumi.

Ila sheria ya klabu ilitaka ahadi itamkwe kwa mdomo, na bingwa wa kikombe cha klabu kwa miaka mitatu, Bwana Kihiyo, alikuwa na haki ya kukataa ubao. Wakampa karatasi yenye maana ya kila jibu, maana kwenye briji siri na mwenzio ni wizi. Kihiyo akaisoma yote. "Mzee Rehani atumie kidole," akasema. "Sitaki kumshinda mtu aliyebaki nyumbani."

Ikaja fainali ya kikombe, dhidi ya Kihiyo na mwenzi wake. Ukaja mgao wa mwisho, na pande zote ziko sawasawa. Rehani akauliza, Mwanjaa akatangaza ahadi yenye maana: nina kopa tano. Akauliza, akajibu: nina shupaza nne. Akauliza, akajibu: nina uru moja tu. Wengi wangeahidi tisa bila turufu, lakini Rehani mwenyewe hakuwa na nguvu kwenye uru; wapinzani wangeingilia hapo wakala watakavyo, ila shupaza ikiwa turufu ingewakata. Akanyoosha kidole kwenda kwenye shupaza, kumi. Kidole kikatetemeka. Kikagusa mstari wa jirani.

Mwanjaa akashusha macho, asije akamwonyesha mumewe chochote usoni.

"Amegusa bila turufu," mwamuzi akasema. "Bwana Kihiyo, unadai ihesabiwe hivyo?"

Kihiyo akakitazama kile kidole. "Hakijatulia. Mwacheni amalize."

Rehani akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaupeleka taratibu mpaka kwenye shupaza, akaukandamiza hapo. Wakacheza. Wakala kumi, kumi kamili. Rehani akacheka kwa sauti, kicheko cha kwanza tangu augue. Mwanjaa akahema kama mtu aliyetua gunia, akalia mbele za watu bila haya.

Mchongaji akaja. Kikombe kile huchongwa jina moja tu kila mwaka.

"Aandikwe Tunu," Mwanjaa akasema. "Asingetunga, tungekuwa tunatazama ukuta."

"Aandikwe mama," Tunu akasema. "Yangu ilianguka, yeye ndiye aliyeiinua."

"Nao wangekuwa wapi, Mzee Rehani asingechagua shupaza?" watu wa meza ya pili wakauliza. "Sisi, kama ilivyo desturi ya fainali, tulipewa karata zilezile ili tulinganishwe, tukaahidi bila turufu, tukafa."

Rehani mwenyewe akakisukuma kikombe mpaka mbele ya Kihiyo. Kihiyo akakirudisha. "Nimeshindwa, bwana! Aliyeshindwa haandikwi."

Jioni hiyo Mwanjaa alikula sahani mbili na mumewe mbili, na jina lolote kwake lilikuwa sawa. Lakini mchongaji bado anangoja, chombo chake mkononi. Haya, ninyi mlionisikiliza: je, nani alistahili?