Mwewe wa Kastori

Doa la kila picha haliko mlimani.

Bibi Sikudhani alimwambia hivyo mjukuu wake Method, siku kijana alipokuja kwake Kihesa kulalamika kwamba anahama tena. Nyumba ya kwanza aliyopanga, majirani walimnunia. Ya pili, walimnunia. Sasa hii ya tatu nao wameanza, asubuhi salamu hawaitikii, na yeye hajamtukana mtu wala hajakopa chumvi ya mtu. Dada zake wawili waliokuwa wakichambua mboga walicheka, kisha wakataka kujua ni picha gani hiyo na mlima upi. Bibi akasogeza sufuria pembeni ya jiko. Akasema maneno hayo yana mwenyewe, tena mtu wa hapa hapa Iringa, na chanzo chake ni hiki.

Alikuwako bwana mmoja Mhehe, Kastori Kikoti, muuza vipuri vya pikipiki pale Mlandege. Enzi hizo simu zilikuwa hazijaanza kupiga picha ambayo mtu angejitambua ndani yake, kwa hiyo mwenye kamera alikuwa mwenye kamera kweli. Kastori alikuwa na moja kubwa, nyeusi, ya kubadilisha lenzi, na aliipenda kuliko chakula. Aliifunga kwa kipande cha kanga, akaitia mkobani, na mkoba akauning'iniza kifuani kama mtu anayenyonyesha.

Alikuwa katika kundi la watu waliopiga picha kwa raha zao, si kwa biashara. Kila mwezi walitoka pamoja, na safari zilipangwa na Tasiana Nchimbi, muuguzi, Mngoni wa Songea aliyeolewa Iringa. Kupanga safari ya watu wengi si kazi ya mchezo. Huyu anataka watoke alfajiri, yule lazima asali kwanza, mwingine akikaa kiti cha nyuma anatapika. Tasiana aliyamudu yote hayo huku anacheka. Tena kabla ya kila safari aliwataka watu wafike mapema kidogo, awafundishe kusafisha kamera kwa ndani, pale kwenye kioo kidogo kinachopokea picha, maana lenzi ikibadilishwa vumbi huingia humo likatulia.

Somo hilo Kastori hakulihudhuria hata mara moja. Alikuja watu wameshapanda gari. Alisema somo la usafi ni la wachafu, na lenzi yake inang'aa kama jicho la ndama, anayebisha aje ajitazame ndani yake. Ni kweli iling'aa. Ila alikuwa na desturi moja: akitaka kubadilisha lenzi, aliibadilisha popote alipo, hata kando ya barabara ya vumbi na lori linapita, kamera ameishika mdomo juu kama bakuli linalosubiri uji.

Basi binti yake Leonsia akaposwa, na siku ya harusi ikawekwa. Leonsia akamwomba baba yake jambo moja tu. Alitaka picha yake ya harusi ipigwe juu ya jiwe la Gangilonga, mji wote ukiwa chini, kwa sababu ndiko baba alikokuwa akimpandisha mabegani alipokuwa mdogo. Na mpigaji awe baba mwenyewe. Kastori alifurahi hadi siku hiyo akasahau kufunga duka.

Akapanda Gangilonga na kundi lake kufanya majaribio. Jioni alipozitazama picha, akakuta doa la kijivu juu upande wa kulia, katikati ya anga. Akasema huo ni moshi wa matanuri ya matofali, Gangilonga pamechafuka, hapafai tena. Tasiana akapanga safari ya Isimila, kwenye zile nguzo ndefu za korongoni. Doa likawapo. Kastori akasema ni vumbi la korongo limepanda juu. Tasiana akapanga Mufindi, kwenye mashamba ya chai, ambako hakuna tanuri wala korongo. Doa lile lile, mahali pale pale. Hapo Kastori alikaa akafikiri sana, mwisho akatangaza kwamba ni mwewe. Kuna mwewe amemzoea, anamfuata kila aendako.

Wenzake walitazamana. Wengine walinyamaza kwa kuheshimu umri wake, wengine walidhani anatania. Lakini walikuwa wamechoka. Waliotaka kwenda mbugani kuona twiga waliambiwa wangoje, kwanza Kastori apatiwe anga safi.

Nyumbani nako mambo yaliharibika. Kastori alimwambia Leonsia achague mahali pengine, hata bustani ya hoteli, popote isipokuwa Gangilonga. Leonsia alimsikiliza hadi mwisho, akakunja kitambaa alichokuwa anakishona.

"Kama si Gangilonga, baba, basi wewe kaa mezani na wageni ule pilau. Picha nitamtafuta mtu mwingine."

Maneno hayo yalimkaa Kastori kooni kama mwiba wa perege. Hakulala vizuri. Alijiambia kwamba akipata mlima mmoja tu wenye anga isiyo na doa, atampeleka mtoto akauone, naye ataelewa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumapili iliyotangulia kundi likaondoka kwenda Kilolo, milimani kabisa, kumtafutia anga ya mwisho.

Mvua ikawakuta njiani. Si manyunyu, mvua yenyewe. Wakaomba hifadhi kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa umepakwa chokaa juzi juzi, kuta nyeupe pe. Kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na wa kuchelewa, Tasiana akatandika kanga safi mezani, akaanza somo lake. Kastori akasimama mlangoni akiitazama mvua kama mtu anayeidai.

"Mngoni wewe," akasema bila kugeuka, "mtu gani anapanga safari bila kuwauliza mawingu? Ulitupeleka Gangilonga, moshi mtupu. Pengine ni ndugu zako walikuwa wanabanika panya kule chini."

"Afadhali panya wangu, anaonekana sahanini," Tasiana akajibu. "Mwewe wako tumemtafuta mlima hadi mlima, hatujaona hata unyoya. Hebu mtani, mvua yenyewe haikatiki. Piga picha ukuta ule."

"Ukuta una nini?"

"Hauna kitu. Ndiyo maana nataka uupige."

Sasa, Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana, na mtani hanuniwi. Angekuwa mtu mwingine, Kastori angebeba mkoba wake akapanda gari. Kwa kuwa ni mtani, alicheka kwa pua, akainua kamera, akaupiga ukuta. Kisha akatazama kioo cha nyuma ya kamera. Akatazama ukuta. Akatazama kioo tena. Akausogelea ukuta, akaupapasa kwa kiganja juu upande wa kulia. Kiganja kikatoka na chokaa, basi.

Tasiana akaja akachungulia begani kwake.

"Karibu mwewe," akasema taratibu. "Kumbe na yeye mvua haipendi, kaingia ndani."

Ukumbi mzima ulicheka, na mpishi wa kanisa akaja mbio kuuliza kuna nini. Kastori peke yake hakucheka. Milima yote aliyoisingizia ilikuwa inampita machoni, Gangilonga na moshi wake, Isimila na vumbi lake, Mufindi na mwewe wake, na nyuma ya yote hayo alimwona Leonsia akikunja kitambaa.

"Kwa hiyo pale Gangilonga," akauliza kwa sauti ndogo, "hapakuwa na moshi?"

"Moshi upo, mtani wangu, Iringa haipiki kwa jua. Lakini doa la kila picha haliko mlimani."

Kastori akaitoa lenzi pale pale, akavimbisha mashavu apulize. Tasiana akamziba mdomo kwa kiganja, akamwambia mate yake yatamletea mwewe wa pili na vifaranga juu. Akamweleza kwamba kamera huinamishwa kwanza, uso wake utazame chini, ndipo hewa ipulizwe ndani kwa kipira cha kuminya. Ikitazama juu, vumbi litaruka kidogo kisha lirudi lilikotoka. Ikiinama, linapata pa kuangukia. Basi mwenye bakuli la uji akapiga magoti sakafuni, kamera ameiinua juu ya kichwa chake imetazama chini, shingo ameipinda, anaminya kipira na kuchungulia. Wakaupiga ukuta. Doa limepungua, halijatoka. Tasiana akampa kijiti chenye kitambaa laini, chenye tone la dawa yake, akamwambia apitishe mara moja tu, polepole, asisugue. Mkono ule ule uliozoea kukaza nati kutwa ukapita kama unapangusa jicho la mtoto. Wakaupiga ukuta tena.

Ukuta mweupe. Mtupu.

"Ameruka," Kastori akasema, na hapo ndipo alipocheka, akacheka hadi akaegemea meza.

Jioni ile hakupitia dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, akasema Gangilonga haina kosa, kosa alikuwa amelivaa yeye kifuani. Leonsia hakuuliza mengi. Alimwambia avae viatu visivyoteleza.

Jumamosi wakapanda. Safari hiyo nayo Tasiana aliipanga, nani ashike shela, nani amshike mkono bibi harusi penye jiwe laini. Kastori akapiga picha, na baada ya kila picha akachungulia. Safi. Safi. Kisha moja, juu upande wa kulia, kitu cheusi. Akaangalia picha iliyofuata: kitu kile kimehamia kushoto. Iliyofuata tena: kina mabawa. Akainua uso polepole, na kweli, mwewe mzima alikuwa anazunguka juu ya Iringa bila haraka yoyote.

Kati ya picha zote za siku ile, Leonsia aliichagua hiyo yenye mabawa aitundike sebuleni.

Kutoka kwenye kundi maneno ya Tasiana yaliingia sokoni, na kutoka sokoni yakaingia majumbani. Fundi aliyegombana na kila tajiri aliambiwa hivyo. Mwanamke aliyefukuza wasichana wa kazi mmoja baada ya mwingine aliambiwa hivyo na mama mkwe wake. Wengi wanaoyasema leo hawajawahi kushika kamera.

Bibi Sikudhani akarudisha sufuria jikoni. Dada zake Method walikuwa bado wanamcheka Kastori na magoti yake. Method mwenyewe alikuwa anatazama saa ya ukutani. Kisha akasimama, akatafuta viatu vyake.

"Hungojei chakula?" bibi akamuuliza.

"Nitarudi, bibi. Redio nimeiacha inaimba."

"Ile ndogo?"

Method akakuna kichwa. "Ile kubwa. Huwa naiacha kutwa, wezi wajue kuna mtu. Nilikuwa naiacha hivyo hata kule nilikohama."

Dada zake wakaacha kuchambua mboga. Bibi alikoroga tu sufuria yake. Method alipofika mlangoni akageuka, akatabasamu kama mtu aliyekamatwa.

"Nimesikia, bibi," akasema. "Doa la kila picha haliko mlimani."