Mfuniko Unaofunguka kwa Ndani

Jambo hili nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu Namkunda, alipokuja kuniona baada ya kujifungua. Yeye alimpakata mtoto, mimi nikanywa uji, naye akaniambia aliyoyasikia kule milimani alikoolewa. Majina ya watu hakunitajia, nami sitayabuni. Mmenipa nafasi ya mfano katika ibada yetu ya akina mama, basi nawapa huu.

Palikuwa na zahanati juu ya mlima, mahali ambapo bomba la maji lilikuwa halijafika. Mwanamke akienda kujifungua, ndugu zake walimfuata na ndoo za maji kichwani kutoka kijitoni bondeni. Ukimwona mjamzito anapanda kilima kwa taabu na nyuma yake msururu wa ndoo, ulijua siku yake imefika. Baadaye watu wa pale wakachimba tangi la chini ya ardhi, la kukusanyia maji ya mvua yatokayo paani, na vichwa vya wanawake vikapumzika.

Lakini tangi linataka kusafishwa kabla ya mvua. Lazima mtu aingie ndani na brashi, asugue kuta, azoe matope. Kazi hiyo aliifanya mama mmoja kijana, mwembamba, mpole, mwenye mtoto mchanga. Mtoto alimwacha kwa jirani, akashuka.

Siku moja asubuhi alikuwa ndani, kwenye kona ya mbali, anasugua. Juu akapita mzee mmoja aliyetunza bustani ya zahanati. Akaona mfuniko wa tangi uko wazi, na watoto wa wagonjwa wanakimbizana karibu yake. Ninyi mngefanya nini? Hata mimi ningefunga. Mzee akafunga. Na kwa kuwa aliwahurumia wale watoto, wasije wakaufunua, akaviringisha pipa la kokoto akaliweka juu ya mfuniko. Kisha akaenda shambani kwake, moyo mweupe kabisa.

Mfuniko ule ulikuwa na kishikio upande wa juu tu. Kwa ndani ulikuwa zege tupu, huna pa kushika. Yule mama aligonga kwa mpini wa brashi mpaka mpini ukavunjika. Akagonga kwa ngumi. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na sauti yake ikawa inamrudia mwenyewe. Alikuja kutolewa mchana, na kilichomtoa ni mwanawe: mtoto alililia ziwa hata jirani akachoka, akambeba kuja kumtafuta mama yake.

Mzee alilia kama mtoto. Alikwenda nyumbani kwa yule mama, kofia mkononi.

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua kama uko ndani."

"Yamekwisha, baba," akajibu yule mama.

Hayakuwa yamekwisha. Tangu siku ile alipika mlango ukiwa wazi hata wakati wa baridi, moshi na upepo vikigombana jikoni mwake. Akimwona mzee anakuja njiani, aligeukia kwenye migomba kama mtu aliyesahau kitu. Na ndani ya tangi hakuingia tena. Wala hakuna mwingine aliyekubali kuingia, maana habari zilikuwa zimeenea. Maji yakaoza. Tangi lenyewe likapata ufa, na ndoo zikarudi vichwani.

Basi wakakubaliana kujenga tangi jipya, wakamwita fundi kutoka bonde la pili. Fundi huyu alikuwa mtu wa maneno mengi. Akipima anaongea, akikunja nondo anaongea, na asipopata wa kuongea naye anaongea na saruji. Kuta zilipokwisha, akaanza kutengeneza slabu za kufunikia. Slabu hizo humwagwa chini, kila moja kwenye fremu yake ya mbao, zikishakomaa ndipo zinanyanyuliwa na kupangwa juu ya tangi.

Kabla hajamwaga zege la slabu ya katikati, akauliza watu waliokuwa pale, "Ni nani atakayeingia humu kusafisha?"

Macho yote yakamwendea yule mama, aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni.

"Mimi siingii," akasema haraka.

"Sijakuambia uingie, dada. Nauliza mabega ni ya nani, nijue mlango uwe mpana kiasi gani." Akamtupia kipande cha kamba. "Jipime mwenyewe. Pima na ndoo yako. Usinipimie kwa kujinyima, mimi sishoni gauni."

Watu wakacheka. Yule mama naye, bila kutaka, akacheka kidogo. Akajipima.

Fundi akachukua fremu ya chuma yenye mfuniko wake, akaiweka juu ya nondo, akaipima isilale upande. Mzee wa bustani akasogea. Alikuwa anakuja pale kila siku kusaidia kumwagilia maji, bila kuombwa.

"Fundi, kwa nini usimwage zege zima? Tundu tutatoboa baadaye. Sasa unaidhoofisha slabu."

"Baadaye utatoboa kwa nyundo, mzee wangu, na nyundo haina adabu. Itakata nondo, itaacha nyufa. Mlango unawekwa zege likiwa bichi." Akachukua nondo nyingine, akazifunga kuzunguka lile tundu, na nyingine akazilaza mshazari kwenye kila kona. "Halafu ona. Pale ninapoacha wazi ndipo ninapoongeza chuma. Hapa patakuwa pagumu kuliko pengine pote. Ukitaka, siku ya sherehe uje uchezee hapa na mke wako."

"Mke wangu ni mzito," mzee akasema.

"Basi mchezee hapa hapa, mahali pengine msijaribu."

Lakini yule mama hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameinama anaangalia upande wa chini wa mfuniko. Chini kulikuwa na kishikio. Cha juu na cha chini vilikuwa vimeunganishwa na komeo moja, ukizungusha hiki na kile kinazunguka. Akafunga vizuri mbeleko ya mtoto, akaenda zake.

Slabu zikamwagiwa maji siku kwa siku mpaka zikakomaa. Vijana wakasimamisha miti na mnyororo wa kunyanyulia, wakazipandisha moja moja, wakazipanga. Mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa mashariki. Vumbi la saruji lilikuwa bado limejaa ndani, na lisipooshwa, maji ya mvua ya kwanza yangeharibika. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alimtazama yule mama akijifanya hamtazami.

Ndipo fundi akafanya jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Akavua koti, akashuka ngazi mwenyewe mpaka ndani ya tangi. Kichwa kikabaki nje.

"Sasa nifungieni. Tieni komeo. Na mtakachosikia, msifungue."

"Una wazimu?" mtu mmoja akasema. "Fundi anajizika mwenyewe, hata ubwabwa wa sherehe ya tangi hajala!"

"Siachi mlango ambao mimi sijautokea," fundi akasema. "Ndiyo desturi yangu. Funga."

Wakafunga. Halafu wakasikia kishikio kinatikiswa. Kikatikiswa tena, kwa nguvu. Mfuniko haukuinuka. Halafu, ndugu zangu, kukasikika kugonga.

Watu wakatazamana. "Amesema tusifungue," akasema mmoja. "Labda anatania," akasema mwingine. Mzee wa bustani alikuwa amesimama kama mti. Yeye hakuthubutu kuugusa mfuniko wowote duniani.

Lakini yule mama alikuwa anaijua sauti ile. Aliijua kwa mifupa ya ngumi zake. Alimweka mtoto mikononi mwa mtu aliyekuwa karibu, wala hakuangalia ni nani, akapiga magoti juu ya slabu, akazungusha kishikio cha juu kwa mikono yote miwili mpaka kikalegea, akavuta.

Fundi akatoa kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akamgeukia yule mama.

"Ahsante, dada," akasema. "Kumbe nilikuwa nimekutegea mtego."

Akaangalia kwenye komeo. Zege lilikuwa limeingia wakati wa kumwaga, donge dogo tu kama punje ya mahindi, likagandia mahali ambapo komeo linapita. Kwa juu lilizunguka kwa shida. Kwa chini, mkono mmoja ukiwa umeshika ngazi, halikuzunguka kabisa. Akalitoa kwa patasi. Akasugua, akapaka grisi. Kisha akafanya nini? Akakusanya vifaa vyake? Akasema, haya, sasa liko sawa?

Akashuka tena.

"Fundi, si umeshalitengeneza?" wakamwambia.

"Nimelitengeneza. Mlango sijautokea. Funga."

Safari hii hawakusubiri. Kishikio kikazunguka, mfuniko ukainuka taratibu, na kichwa cha fundi kikatokea kimejaa vumbi jeupe, kinacheka. Watu wakapiga vigelegele. Yule mama alikwenda kumchukua mtoto wake, na hapo ndipo alipoona kwamba aliyempa kumshika ni yule mzee. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, na mzee alikuwa hata haondoi nzi usoni kwake, asije akamwamsha.

Shangazi anasema yule mama mwenyewe aliwaambia hivi baadaye: kilichomtuliza moyo si kwamba mlango ulifunguka. Ni kwamba ulimgomea fundi kwanza, kabla ya kumgomea yeye, na fundi akarudi ndani.

Sasa, akina mama wenzangu, mimi niliposikia mpaka hapo nilijiona mimi ni yule mama wa tangini. Najua na ninyi hapo mlipoketi, kila mmoja yuko ndani ya tangi lake na anamjua aliyemfungia. Na tunaye Fundi wa kumshukuru. Hakusimama juu ya kaburi akatuambia tusiogope. Alishuka. Wakavingirisha jiwe juu yake. Mlango tutakaopita sisi, yeye ameshautokea.

Nikamwambia shangazi, ni mfano mzuri, unafariji. Shangazi akaniuliza, "Na unapokuwa juu je?"

Nikauweka uji chini.

Ndugu zangu, sisi tunatembea juu ya slabu kila siku. Tunadhani aliyemfungia mwenzake ni mtu mbaya, mtu wa roho ya kutu. Yule mzee alikuwa mbaya? Alikuwa analinda watoto! Nasi tunalinda. Tunalinda jina la ukoo, tunamfungia binti aliyerudi na mimba. Tunalinda umoja wetu, tunamfungia wifi aliyekosea neno moja kwenye msiba, mpaka leo akija jikoni tunanyamaza. Tunamfungia mume aliyeacha pombe, kwa kumnusa mdomo kila jioni. Na juu ya mfuniko tunaviringisha pipa, kisha tunakwenda shambani na moyo mweupe. Je, chini ya mfuniko huo kuna kishikio? Yule aliye ndani anaweza kuufungua mwenyewe, au ni mpaka sisi tupende, siku tutakayopenda?

Sikatazi kufunga. Tangi lisilofungwa linaua watoto. Ila tunapokasirika, kabla maneno yetu hayajakauka, tuweke mlango. Tusiseme tutatoboa baadaye. Na mahali pale tulipomwachia mwenzetu nafasi ya kurudi, tuongeze chuma, tuongeze uvumilivu, maana hapo ndipo nyumba inapopata ufa. Tukishamaliza, tuingie sisi wenyewe kwanza. Sharti ninalomwekea mwenzangu, mimi ningeweza kulitokea?

Sasa nimalizie habari ya yule mama.

Kesho yake asubuhi, mawingu yakiwa yameshuka mpaka kwenye migomba, alimwacha mtoto kwa jirani, akachukua ndoo na brashi, akaenda kwenye tangi. Mzee alikuwa bustanini. Alipomwona akarudi nyuma, ampishe.

"Baba," yule mama akamwita. "Njoo."

Mzee akaja. Yule mama akashuka ngazi mpaka mabega.

"Nikushikilie mfuniko, mwanangu? Nitasimama hapa hapa. Siondoki hata kwa dawa."

"Hapana, baba. Ufunge."

"Mimi?" Mzee akaangalia mikono yake. "Kwa mikono hii?"

"Kwa hiyo hiyo."

Mzee akafunga. Akatia komeo. Akapiga magoti pale juu, kofia kifuani. Ndani kukawa kimya. Kisha kishikio kikazunguka mbele ya macho yake, chenyewe, hakuna aliyekigusa, mfuniko ukainuka, na uso wa yule mama ukatokea, machozi yamechora njia kwenye vumbi.

"Haya, baba," akasema. "Nipe ile ndoo."