Upepo wa Mwezi wa Tano

Kuuliza si ujinga. Watu wengi huipenda methali hii mpaka siku watakapoulizwa wao. Siku hiyo mwenye swali huitwa msumbufu na aliyenyamaza huitwa mwerevu, ingawa mara nyingi aliyenyamaza hajui lolote. Ukweli wa jambo hili ulionekana wazi katika Chuo cha Vesper, Dakota Kaskazini, mwaka ule ambao fainali ilichezwa mwezi wa tano.

Keaton Sundvold alikuwa mpigaji wa timu ya chuo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuupiga kwa mguu ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai upite juu ya mwamba, katikati ya milingoti miwili, timu ipate pointi tatu. Kichwa chake kilijaa maswali kama mzinga uliojaa nyuki. Wenzake walimwita Bwana Kwa-Nini.

Jina hilo halikumuuma. Lililomuuma lilikuwa jambo la fainali iliyotangulia. Dakika ya mwisho mpira wake ulipungukiwa yadi moja, ukaangukia mbele ya mwamba, na kombe likaenda kwa Chuo cha Harlan. Tangu siku hiyo hakuweza kwenda kununua mafuta ya trekta bila mzee mmoja kumwuliza, "Vipi kijana, ile yadi moja umeshaiokota?" Alikuwa na mwaka mmoja wa kujisafisha. Ndipo korona ikaja. Msimu wa vuli ukafutwa, ukasogezwa mpaka majira ya kuchipua, ukakatwa ukabaki michezo minne, na ile ya nyumbani ilichezwa mwezi wa tatu juu ya theluji. Hata hivyo Vesper na Harlan walifika tena fainali, safari hii kwenye uwanja wa Vesper. Baada ya mchezo huo Keaton angehitimu na kurudi shambani. Mguu wake usingepata nafasi nyingine.

Juu ya mlango wa chumba cha wachezaji palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: ROBO YA MWISHO, KASKAZINI MGONGONI. Maana yake ilikuwa kwamba wakipewa kuchagua goli, wachague ili robo ya nne ya mchezo, timu zikiwa zimebadilishana magoli baada ya kila robo, wacheze kuelekea kusini, upepo wa kaskazini ukiwasukuma. Kila mchezaji aliyagusa maandishi hayo akitoka. Hakuna aliyejua yaliandikwa na nani.

Jumapili kabla ya fainali Keaton alikuwa nyumbani, akimsaidia mama yake, Renae, kuandaa mashine ya kupulizia dawa ya magugu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na meno yalikuwa yakigongana kwa baridi.

"Mama, kwani lazima tupulize saa hizi? Kwa nini tusingoje jua?"

"Ngoja jua, halafu dawa yote iishie kwa jirani Lindqvist. Umesahau mwaka juzi nilivyomlipa maharage yake yaliyoungua kwa dawa yetu?"

"Si tunapuliza mchana mwezi wa tisa?"

"Mwezi wa tisa ni mwezi wa tisa. Mwezi wa tano, ikifika saa tisa, upepo wa kusini unainuka kama aliyeitwa. Umekulia hapa, hujui? Shika bomba."

Keaton alishika bomba, lakini akili yake ilikuwa imeshatoka shambani. "Mama, huinuka kila siku?"

"Siku ya jua, ndiyo. Siku ya mawingu, haieleweki. Maswali yamekwisha au niite padri?"

Jumamosi ya fainali jua lilikuwa kali. Watu walikaa mbali mbali, viti viwili vikifungwa kamba kwa kila kimoja kilichokaliwa, barakoa usoni. Mchezo ulianza saa saba mchana. Kufikia mapumziko, saa nane na nusu, Harlan walikuwa na pointi kumi na Vesper tisa. Harlan walikuwa na haki ya kuanza na mpira kipindi cha pili, kwa hiyo Vesper ndio waliotakiwa kuchagua goli.

"Kama kawaida," alisema Kocha Dahlke, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. "Robo ya mwisho twende kusini."

"Kocha, kwa nini?" Keaton aliuliza.

Chumba kizima kiliguna. Isaiah Poitra, rafiki yake ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia mpira aupige, alijifunika uso kwa taulo. "Yesu wangu. Bwana Kwa-Nini, leo pumzika, kaka."

"Kwa sababu imeandikwa hapo," kocha alijibu. "Toka nje utazame. Utepe kwenye mlingoti unapepea kutoka kaskazini. Kidogo, lakini kaskazini."

"Nimeuona, Kocha. Swali moja tu. Wewe ngano yako unaipulizia dawa saa ngapi siku hizi?"

"Sundvold, tuko fainali!"

"Saa ngapi, Kocha?"

"Alfajiri! Kila mtu anapuliza alfajiri, mchana upepo..." Kocha Dahlke alijikatiza. Alikuwa na shamba nje ya mji, na upepo ule aliujua kama alivyoujua mlango wa nyumba yake. Hakuwahi kuuwaza uwanjani, kwa kuwa maisha yake yote mpira ulichezwa vuli. Alitazama saa ya ukutani, kisha maandishi ya mlangoni, kisha Keaton.

"Usipoinuka?"

"Basi nitakuwa nimekosea, Kocha."

"Usipoinuka utarudi kwenu kwa miguu." Akamgeukia nahodha. "Robo ya mwisho twende kaskazini."

Mashabiki walipoona timu imepangwa upande usio wa kawaida, kelele zilipanda. "Dahlke amelewa!" mtu alipiga kelele. Robo ya tatu ilikwisha, Harlan kumi na saba, Vesper kumi na sita. Robo ya nne ikaanza. Utepe kwenye mlingoti ulining'inia kama mkia wa ng'ombe aliyelala. Dakika tano zikapita. Saba. Isaiah alimsogelea Keaton.

"Kaka, viatu vyako vya kutembelea ni saizi gani? Maana safari ni ndefu."

Keaton hakucheka. Alichuma nyasi, akazirusha. Zikamwangukia kwenye vidole. Akachuma tena, akarusha. Zilimpita begani, zikaenda kaskazini.

Zikiwa zimebaki dakika moja na nusu, mpigaji wa Harlan alijipanga kuumaliza mchezo kwa yadi thelathini na tisa, umbali ambao aliuweza hata akiwa na mafua. Alipiga vizuri. Mpira ulipanda, ukafika juu, ukasita kana kwamba umegonga pazia, kisha ukadondoka mbele ya mwamba. Uwanja mzima uliugeukia utepe. Ulikuwa umenyooka kama mkono unaoonyesha njia, kuelekea kaskazini.

Vesper walisogea kwa pasi nne. Sekunde nne zilibaki, na umbali ulikuwa yadi hamsini na moja. Keaton hakuwahi kufunga hata kutoka hamsini.

"Una swali lolote?" Isaiah alinong'ona akipiga goti.

"Hapana."

"Ajabu hiyo."

Mpira ukaletwa, Isaiah akausimamisha, Keaton akapiga. Ulitoka chini chini, wengi wakashika vichwa. Upepo ukaubeba. Ulipita juu ya mwamba kwa kipimo cha shubiri moja, na waamuzi wawili wakainua mikono. Kumi na tisa kwa kumi na saba.

Renae Sundvold alishuka uwanjani, barakoa ikiwa kidevuni. Alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, akamfuta nyasi usoni.

"Kesho saa kumi na moja," alimwambia. "Magugu hayajui kama umeshinda."

Kocha Dahlke aliwafuata, kofia mkononi. "Mama Keaton, samahani," alisema taratibu. "Upepo huu wa kusini, huwa unalala saa ngapi?"

Isaiah alipiga kelele mpaka wa jukwaani wakasikia: "Jamani, hata Kocha anauliza!"

Jioni ile, kabla ya kufunga mlango, kocha alichukua utepe mweupe wa kufungia vifundo vya miguu, akaubandika chini ya yale maandishi ya zamani, akaandika kwa kalamu nene: MWEZI GANI? Utepe huo haujabanduliwa hadi leo, na kila mchezaji anayetoka huugusa, kwa maana Vesper walijifunza kwa kombe kile ambacho wengine hujifunza kwa hasara: kuuliza si ujinga.