Kwa Nini Hifadhidata Haisalimii Tena

Wee Mwinjuma, acha kuitukana hiyo mashine! Kaeni hapa niwaeleze.

Zamani, kompyuta zilipokuwa zikiongea kama watu, hifadhidata ya hospitali yetu ilikuwa na sauti ya mama mzazi. Kila jina ililitunza: waliozaliwa, waliolazwa, na wale wa kuitwa damu inapohitajika. Fundi wake alikuwa Kibwana, kijana mchangamfu, na walipendana mno hao wawili. Yeye aliiita mama.

Ikafika siku ya kuihamishia kwenye toleo jipya la mfumo. Kibwana akabonyeza kitufe, na mama akaanza kwa salamu, kama kawaida yake.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

"Dada yako na ujauzito wake?"

"Mzima kabisa."

"Huku ninakohamia sioni nafasi ya wachangiaji damu. Nikiendelea, majina yao yatapotea."

"Salama tu, mama, endelea."

Jamani! Si mnajua tunavyosalimiana? Mtu ana homa hata kusimama hawezi, ukimuuliza habari anasema nzuri. Jibu limeshatoka, swali bado liko njiani. Basi mama akatii, na majina yote yakafutika. Nakala ya pembeni Kibwana hakuwa nayo. Ya nini, na mama yupo?

Jioni ile ile dada yake, Mwanatumu, akajifungua, na damu ikawa haikatiki. Daktari akasema waitwe wachangiaji. Waitwe akina nani? Kibwana akatoka mbio, anagonga nyumba hadi nyumba huku analia. Watu wakaja hivyo hivyo walivyo, wakapimwa mmoja mmoja. Mwanatumu aliponea chupuchupu.

Kibwana akarudi kwenye mashine. Mama akamwambia: "Nilikwambia, mwanangu. Ila nilikwambia kwa maneno uliyoyazoea."

Na tangu siku hiyo, ukitaka kuihamisha, hifadhidata haikusalimii. Inakurushia namba na maneno ya ajabu ajabu ambayo hakuna aliye na jibu lake mdomoni. Utanuna, utakuna kichwa, mwishowe utamwita mwenzako msome pamoja, neno baada ya neno. Ndicho inachotaka. Kibwana naye, mpaka anastaafu, kila alipoyaona maneno hayo alivuta kiti, akasema taratibu, "Shikamoo, mama. Leo nakusikiliza."