Taa Zilizozimika Njiani

Ishak alipoaga dunia mwaka wa 1954, watu wa Bondeni mjini Nakuru walitarajia karakana yake ya umeme wa magari ifungwe. Lakini mjane wake, Kuluthum, alikuwa amefanya kazi bega kwa bega naye kwa miaka minane. Macho ya Ishak yalipofifia, ni Kuluthum aliyeunganisha nyaya huku mumewe akimwelekeza kwa maneno. Eda ilipokwisha, alijifunga kibwebwe, akafungua mlango wa mabati na kuendelea na kazi.

Bashir, ndugu ya marehemu na dereva wa lori, hakulipenda jambo hilo. "Shemeji, umeme si kazi ya kubahatisha," alimwambia. "Siku utakapomharibia mtu chombo chake, jina la ndugu yangu litaingia matopeni."

Asubuhi moja ya Julai, mwaka uliofuata, Kipketer, dresa, yaani msaidizi wa daktari hospitalini, aliingia akisukuma pikipiki, uso umesawijika.

"Mama, taa zinazimika njiani. Fyuzi inaungua. Nikitia nyingine zinawaka, lakini sifiki mbali. Mafundi wawili wamebadilisha balbu na betri, na mambo ni yale yale."

Alieleza kwamba dondakoo lilikuwa limezuka katika kambi ya vibarua karibu na Sachangwan. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa, na watano walikuwa wakihema kwa shida. Dawa ya sindano ingefika kutoka Nairobi saa sita mchana, naye alipaswa kuipeleka siku hiyo hiyo. Huko juu ukungu ulikuwa ukifunika barabara kila siku tangu alasiri, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Juma lililotangulia lori lilikuwa limemkosa kwa upana wa kidole tu, kwa kuwa dereva hakumwona.

Bashir, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Toa hiyo fyuzi, ufunge waya mnene mahali pake. Hautaungua."

"Fyuzi haiungui bure," Kuluthum alijibu. "Inatuambia kuna mahali umeme unavuja. Tukiiziba mdomo, nyaya zitashika moto, na tangi la petroli liko hapo hapo."

Akaanza kutafuta. Alikagua betri, swichi na taa ya mbele. Alikwangua kutu kwenye kila kiungo. Alipotia fyuzi nyingine na kuwasha, taa zote ziliwaka. Aliwasha injini, akatikisa usukani; taa zikaendelea kuwaka, utadhani zinamdhihaki. Akafungua tena kila kitu, akaanza upya.

Saa nane Kipketer alirudi kutoka hospitalini amekumbatia kisanduku cha dawa. "Mama, niende hivyo hivyo?"

"Kubali umeshindwa, shemeji," Bashir alisema, safari hii kwa upole.

Maneno hayo yalimchoma Kuluthum kuliko kelele. Mgongo ulimuuma na vidole vilikuwa vimechubuka, lakini hakuinuka.

"Njiani zinazimika lini hasa?" alimuuliza Kipketer.

"Nikiingia mashimoni."

"Na hapa nimeitikisa mpaka nimechoka, hazizimiki." Akaitazama pikipiki, kisha akamtazama Kipketer. "Tangu asubuhi hakuna aliyeikalia. Weka kisanduku chini, uipande. Jirushe kitini kama unayepita mashimo."

Kipketer alijirusha mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu taa zilizimika zote.

Kuluthum alilala chali kwenye sakafu iliyojaa mafuta, akachungulia chini ya kiti. "Rudia tena, taratibu."

Akaona. Kiti kilipodidimia, springi ilishuka na kuubana waya mwembamba wa taa ya nyuma. Upande uliogusa chuma, ngozi ya waya huo ilikuwa imelika, na shaba ikachungulia, ndogo kama punje ya mchele. Mtu akishuka, springi ilipanda na kosa likajificha.

Alikata kipande kile, akaunga kipya, akakizungushia mpira wa tyubu na kukifunga mbali na springi. Alitia fyuzi mpya, akamtaka Kipketer ajirushe mara ishirini. Taa hazikupepesa. Kabla ya saa tisa dresa alikuwa njiani.

Alirudi siku ya nne, akamkuta Bashir yuko pale karakanani. Alisimulia kwamba ukungu ulikuwa umemeza barabara, na kwamba lori lililokuwa likiteremka lilimpisha lilipoiona taa yake.

"Na watoto?" Kuluthum aliuliza.

"Mmoja, binti wa mama aitwaye Wachuka, alikuwa ameaga alfajiri, kabla hata dawa haijafika Nakuru. Wanne nimewaacha wakinywa uji."

Kuluthum alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Bashir alikohoa, akatazama chini.

"Shemeji, lori langu taa ya kushoto inasumbua. Ukipata nafasi, naomba uitazame."

"Lilete kesho asubuhi," alijibu Kuluthum, akainama tena kazini.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyezungumza tena habari ya kufunga mlango ule wa mabati, kwa kuwa Bondeni nzima ilikuwa imeshuhudia kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata.