Pelele na Udongo wa Vuli

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na chuo!

Chuo cha nani?

— Cha wenye mikia!

Na asiye na mkia?

— Aje tumwone!

Haya, tulieni. Na wewe uliyelala chali, kaa vizuri, hadithi si uji wa kumiminiwa mdomoni.

Hapo kale wanyama walikuwa na vyuo. Msicheke. Walikuwa navyo, na kuomba nafasi kuliwanyima usingizi kama kunavyowanyima nyinyi. Chuo kilichosifiwa kuliko vyote kiliitwa Kilele, na kilikuwa juu ya mlima. Kilele walifundisha elimu ya vivuli. Aliyesoma pale, akiona giza limepita juu ya majani, alijua papo hapo: hili ni wingu, hili ni tawi, hili ni tai. Kila mzazi alitaka mwanawe asome Kilele, na nafasi zilikuwa ishirini na tatu tu.

Njia za kuingia zilikuwa mbili. Mvua za vuli zikishanyesha, karani wa chuo, mzee Hondohondo, alitandaza udongo laini langoni. Mwombaji alikanyaga, pwata! Unyayo wake ukabaki, ukakatwa kigae, kigae kikaanikwa. Nafasi ishirini ziligawiwa hapo. Lakini aliyekanyaga udongo wa vuli alikuwa amejifunga. Akiitwa lazima aende, na chuo kingine chochote hakimpokei tena. Aliyengoja mvua za masika hakufungwa na mtu. Alikanyaga vyuo vinne, vyuo vitano, kisha akachagua. Ila ikifika masika, Kilele zilikuwa zimebaki nafasi tatu, na waliozitaka walipanga foleni mpaka chini ya mlima.

Sasa alikuwepo Pelele. Pelele ni mnyama wa kwenye mawe, mnene kidogo, mfupi, hana mkia hata wa kusingizia. Mwaka uliotangulia tai alimchukua dada yake, Kidawa, mchana kweupe, wakiwa wote wanaota jua. Kivuli walikiona kikija. Wakadhani ni wingu. Tangu siku ile mama yao hakuota jua tena, alikaa kwenye ufa wa jiwe akitetemeka kwa baridi, na Pelele aliumia sana kila alipomwangalia.

"Mama," Pelele akasema, "nikanyage vuli au ningoje masika?"

"Ukingoja masika?"

"Nafasi tatu. Nitakosa."

"Basi kanyaga vuli, mwanangu."

"Nikikanyaga vuli, posho hawaisemi mpaka baadaye. Wakiniita bila posho, nitakula nini?"

Kule juu mlimani hapaoti kitu. Mwanafunzi asiyepewa posho alitakiwa kupeleka kikapu cha tini kila mwezi, na wao tini walizijua kwa kuokota zilizodondoshwa na ndege. Akiitwa akashindwa kwenda, Kilele kimempita, na vyuo vingine vyote vimefunga mlango.

"Nenda kaulize kwanza," mama akasema.

"Wanasema kuuliza hakuruhusiwi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

"Huyo simjui. Nenda."

Pelele akaenda. Ti ti ti, ti ti ti, akapanda mlima. Alipofika penye mwamba mwembamba, njia isiyopisha wawili, akamkuta Nyani amekaa katikati. Nyani dume, mabega kama mlango, meno kama misumari.

"Bwaha! Unakwenda wapi?"

"Shikamoo mjomba. Nakwenda langoni."

"Marahaba. Rudi. Imebaki nafasi moja ya vuli, na ni yangu."

"Umeshakanyaga, mjomba?"

"Bado. Nafikiria."

Pelele akarudi. Ti ti ti, ti ti ti. Siku ya pili akapanda tena. Njiani akapishana na Digidigi anashuka analia, na Kanga anashuka anatukana. Nyani amewarudisha wote.

"Bwaha! Umekuja tena?"

"Nimekuja, mjomba. Umeshakanyaga?"

"Bado. Nafikiria."

Mnamwona huyo? Hakanyagi, na hataki mwingine akanyage. Kalalia nafasi ya watu eti anafikiria. Na nyinyi mnawajua wa namna hiyo, msinitazame hivyo.

Siku ya tatu Pelele hakupanda mara moja. Alikaa juu ya jiwe akawaza. Kilichomtisha yeye kilikuwa nini? Kujifunga kabla ya kujua atakula nini. Akajiuliza, je, Nyani anatishwa na hilo? Hapana. Nyani hajawahi kuogopa kula, wala hajawahi kuuliza chakula kimetoka wapi. Pelele akacheka peke yake, kwi kwi kwi, akapanda.

"Bwaha! Wewe huchoki?"

"Nachoka, mjomba. Umeshakanyaga?"

"Bado. Nafikiria."

"Unafikiria nini siku zote hizo?"

Nyani akajikuna kwapa. "Huku Kilele kuna sifa. Nikisoma huku wataniita msomi. Lakini nasikia kule chuo cha Bonde chakula ni kingi. Nataka sifa, nataka na chakula."

"Kule Bonde," Pelele akasema, "kuna chungu, mjomba. Kikubwa, hakibebwi na watu chini ya wanne."

"Wanne!"

"Na waliokanyaga vuli ndio wanaotangulia kufika kwenye chungu. Kila siku. Hata jua halijatoka, wao wameshafika."

"Kabla ya wengine?"

"Kabla ya wengine wote. Na chungu kikiisha, wanaobaki nacho ni hao hao."

Nyani akameza mate, gubu! Na Pelele hakusema uongo hata neno moja, hilo mliweke akilini. Alichokiacha ni kidogo tu. Alimwambia wanaofika kwanza, hakumwambia wanafika kufanya nini.

"Na nikishakanyaga Bonde," Nyani akauliza, "nikirudi kukanyaga na hapa, nani atajua?"

"Mimi kanuni hizo ndizo zinazoninyima raha, mjomba. Zinasema anayekanyaga vuli anakanyaga mahali pamoja tu."

"Kanuni za wadogo hizo!" Nyani akasimama. "Kaa hapa. Asipite mtu."

"Nakaa, mjomba. Mtu akipita nitamwona."

Nyani akateremka mlima, puku puku puku, vumbi likafuata nyuma. Akafika Bonde, akaona udongo umetandazwa langoni, mpana, laini, hauna unyayo hata mmoja. Hakujiuliza kwa nini. Akakanyaga mguu wa kulia, pwata! Wa kushoto, pwata! Akaweka na mikono yote miwili, pwata pwata! Mkuu wa Bonde alikuwa Kifaru. Akatoka taratibu, akasimama langoni, lango likajaa.

"Umekanyaga?"

"Nimekanyaga."

"Kuna aliyekusukuma?"

"Nani wa kunisukuma mimi?"

"Basi umepokelewa. Chungu kile pale."

Nyani akakimbilia chungu. Kilikuwa kitupu na cheusi kwa masizi, kando yake kuna mchanga wa kusugulia. Bonde wanafunzi wa vuli ndio waliokuwa wakisugua chungu alfajiri, wakateka maji, wakakoka moto. Wakishakula wakubwa, wao wakalamba ukoko.

"Nimesahau kitu nyumbani," Nyani akasema.

Kifaru alibaki pale pale langoni. Hakusogea hata kidogo.

Huku juu, habari kwamba Nyani amekanyaga Bonde ilifika kabla ya adhuhuri, maana vyuo vilikuwa na njiwa wa kupelekeana majina. Karani Hondohondo akashuka mwenyewe mpaka kwenye mwamba mwembamba. Akatazama njia yote. Digidigi hayupo. Kanga hayupo. Siku tatu Nyani alikuwa amewafukuza, na wote walishakata tamaa wakaenda zao. Pelele peke yake ndiye aliyekuwepo.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba." Karani akampandisha mpaka langoni, penye udongo. "Unakanyaga?"

"Nimekuja kuuliza posho."

"Ho! Posho haiulizwi wakati wa vuli. Unakanyaga, unaitwa, ndipo unaambiwa."

"Basi nitangoja masika," Pelele akasema. Sauti ilitoka imenyooka.

Karani akakuna mdomo wake mrefu. Mkuu wa chuo aliagiza vigae ishirini, na kumi na tisa vilikuwa vimeshaanikwa. Jua lilikuwa linawaka. Pembezoni udongo ulikuwa umeanza kupasuka, kri, kri.

"Nusu bakuli kwa siku," akasema kwa sauti ya chini.

Pelele akautazama ule ufa. "Udongo unakauka, Karani."

"Nauona."

"Nusu bakuli nitakufa nayo kabla sijajua kivuli cha kwanza."

"Bakuli zima! Na usimwambie mtu kwamba uliuliza."

"Na asubuhi nahitaji jiwe linalopata jua. Bila kuota jua kwanza, sisi hatutembei."

"Ho! Na jiwe! Kanyaga upesi, jamani!"

Hapo Pelele akasita. Sasa alikuwa na alichokitaka, na ndipo alipoogopa kweli. Akikanyaga, chuo chochote cha karibu na nyumbani hatakiona tena. Miaka mitatu mama atakuwa peke yake kwenye ufa wa jiwe. Akalia kidogo, machozi ya kweli, na Karani akageuka kando asimtazame.

Kisha akakanyaga. Tii.

Karani akainama. Akainama zaidi, mpaka mdomo ukagusa udongo. "Mbona sioni kitu? Kanyaga tena."

"Sikanyagi mara mbili," Pelele akasema. "Nimo humo. Tafuta."

Karani akatafuta, akaupata, akakata kigae cha ishirini. Pelele akasoma miaka mitatu. Aliporudi alimtoa mama yake nje kwa mkono, akamketisha juani, akamwambia, "Ota jua, mama. Natazama mimi." Mama akaota jua mpaka akasinzia.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aipishe njia.

Na funzo lake, wanangu, ni hili. Mkiambiwa mkanyage, kanyageni. Msiulize posho, msiulize jiwe, maswali yanachosha makarani. Mtazameni Nyani. Hakuuliza hata swali moja la maana, na tangu siku ile hajakosa kazi.