Ukoko wa Kiroboto

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Wewe mwenye miguu mirefu ikunje, wenzio nao wanataka moto. Na huyo mbwa aliyelala mlangoni msimfukuze, hadithi yenyewe inamhusu.

Hapo zamani za kale, wakati mbwa wakiulizwa walikuwa bado wanajibu, palikuwa na mjane jina lake Bi Sikudhani. Alikaa peke yake pembeni ya kijiji, pale mashamba yanapopakana na msitu. Watoto hakujaliwa, na mume alikuwa ametangulia mbele ya haki. Alichobaki nacho ni shamba la mahindi na mbwa mmoja mwekundu, masikio wima, anayerukaruka tangu kunakucha mpaka jua linazama. Kwa kuruka huko akamwita Kiroboto.

Kiroboto alikuwa mlinzi. Ngedere wakitoka msituni, yeye huyo. Nguruwe wakichungulia, yeye huyo. Kama si yeye, Bi Sikudhani angevuna mabua matupu, na mwenyewe alilijua hilo.

Ila alikuwa na kasoro moja. Kila asubuhi mbuzi wa Mzee Shekalaghe walipita njiani kwenda malishoni, na Kiroboto akiwaona tu hakukaliki. Mbio, mbio, mbio. Mbuzi huyu kaingia kwenye mihogo, yule kapanda kichuguu, na Mzee Shekalaghe anafoka mpaka sauti inamkauka. Hapo Bi Sikudhani huacha kila kitu, akabandua kipande cha ukoko kwenye chungu, akatoka uani akiita kwa sauti ya kubembeleza:

"Kiroboto wangu, njoo. Njoo mwanangu, njoo nyumbani."

Kiroboto anageuka, anakuja, anatafuna ukoko wake, analala. Na Bi Sikudhani hujisemea, afadhali ukimwita anasikia.

Siku moja katika mbio hizo kitoto cha mbuzi kikatumbukia korongoni, mguu ukavunjika. Mzee Shekalaghe akaja nacho mikononi mpaka mlangoni.

"Shemeji," alisema, "mimi na marehemu mumeo tulitoka jando moja. Ndiyo maana leo sikuja na upinde. Lakini mwezi ukiandama, asubuhi yake nitapitisha mbuzi wangu wote hapa mbele yako. Mbwa wako akimkimbiza hata mmoja, upinde nitakuja nao."

"Nimesikia, shemeji," akajibu Bi Sikudhani. Na mwezi wenyewe ulikuwa ndio kwanza umejaa.

Wa kwanza kuja kusaidia alikuwa kaka yake, Mbwego, na fimbo ya mkole. "Dada, wewe unamlea kama mkwe. Nipishe." Akamchapa Kiroboto, akaiegemeza fimbo mlangoni. Siku moja ikapita salama, na ya pili. Siku ya tatu Mbwego akaondoka na fimbo yake kwenda ukweni. Mbuzi wakapita. Mbio, mbio, mbio. Na Bi Sikudhani nje na ukoko: "Kiroboto wangu, njoo. Njoo mwanangu, njoo nyumbani."

Wa pili alikuwa Mzee Ngoda, mchonga mizinga. Akaleta kipande cha gogo la mkongo, mti mgumu, akakining'iniza shingoni mwa mbwa mpaka usawa wa magoti. "Akikimbia litampiga. Magoti yakimuuma, atafikiri." Kweli, Kiroboto akafikiri siku nzima. Kesho yake akaliinua gogo kwa meno, akalibana pembeni ya mdomo kama mzee na kiko chake, mbio, mbio, mbio. Manyoya ya shingo yakanyonyoka kwa kamba ya gogo. Na Bi Sikudhani nje na ukoko.

Wa tatu alikuwa jirani yake, Mama Zumo, na kamba ya katani. "Mfunge kwenye nguzo, shoga yangu, ukae kwa raha." Akafungwa. Mbuzi wakapita kwa amani, hata Mzee Shekalaghe akapiga mluzi. Lakini na ngedere wana macho. Walipoona mbwa yuko nguzoni wakashuka ukoo mzima, wajomba na mashangazi, wakala mahindi mistari mitatu. Bi Sikudhani akarusha mawe mpaka bega likakataa. Akarudi, akaketi kizingitini, akajifuta machozi kwa kanga.

Sasa kwenye kundi lile palikuwa na mbuzi mmoja mzee, wakimwita Bi Ndevu. Magoti yalikuwa yamemchakaa, hafiki tena malishoni, anabaki kuchuma majani njiani. Akamwona.

"Unalia nini, Bi Sikudhani?"

"Nimetumia fimbo, nimetumia gogo, nimetumia kamba. Mbwa huyu hafundishiki."

Bi Ndevu akatafuna, akatafuna, akatafuna. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Kwa nini anatukimbiza. Mimi amenikimbiza miaka miwili wala hajanitia jino. Tena anakimbia huku anatazama nyuma. Sijaona mtu anakimbilia chakula huku anatazama nyuma."

Bi Sikudhani akamgeukia Kiroboto, amelala chini ya nguzo kimya, kidevu juu ya miguu. "Mwanangu, mbuzi wa watu unawakimbizia nini?"

Kiroboto akashangaa. "Kwani hutaki?"

"Nimetaka lini?"

"Nikilala kivulini, hutoki. Nikifukuza ngedere, hutoki. Nikikimbiza mbuzi, unatoka mbio na ukoko. Nikasema, basi kazi anayoipenda bibi ni hii ya mbuzi. Fimbo sikuielewa, gogo sikulielewa. Lakini ukoko ulikuwa unakuja."

Bi Sikudhani akashika mdomo. "Kumbe mwalimu wake ni mimi."

"Tena mwalimu hodari," akasema Bi Ndevu. "Kijiji hiki hakuna mbwa aliyefuzu kama huyu."

Bi Sikudhani akacheka, hakujizuia, na machozi bado yako shavuni. Kisha akamvua Kiroboto lile gogo, akalitupa jikoni. Kamba akaibakiza, akaiacha ndefu na imelegea, ya kumkumbusha tu na si ya kumkaba. Ukoko akaufunga kwenye pindo la kanga. Bi Ndevu akasema, "Mimi nitasimama. Magoti yangu hayakimbii tena, na leo yamepata faida."

Siku hiyo alisimama mbali, kwenye mihogo. Kiroboto akamtazama, mwili ukamkaza. Bi Sikudhani akanyamaza, akangoja. Mbwa alipogeuza uso kumtazama yeye, hapo hapo: "Ahsante, mwanangu," na ukoko mdomoni. Akivuta kamba, Bi Sikudhani hamgombezi. Anageuka naye, wanatembea upande mwingine, na ukoko unabaki kwenye pindo. Kesho yake Bi Ndevu akasogea njiani. Kesho kutwa akasogea uani. Na Kiroboto akilala kivulini, Bi Sikudhani anatoka: "Ahsante, mwanangu." Akifukuza ngedere, anamfuata mpaka shambani: "Ahsante, mwanangu."

Msidhani ilikuwa laini hivyo mpaka mwisho. Siku ya sita vitoto viwili vya mbuzi vikaruka mbele yake, kamba ikachomoka mkononi, mbio, mbio, mbio. Mkono wa Bi Sikudhani ukawa tayari uko kwenye pindo, na ule wito umefika kwenye ulimi. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Akasimama pale jasho likimtiririka. Kiroboto akafika kwa vitoto, akatazama nyuma, haji mtu. Akabaki ameduwaa katikati ya njia kama mgeni aliyekosa kigoda. Mwisho akarudi mwenyewe, polepole.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake Mzee Shekalaghe akatokea na kundi lote, upinde begani.

"Kamba hiyo ifungue, shemeji. Nimwone yeye, nisiione kamba."

Bi Sikudhani akafungua. Mbuzi wa mbele wakaanza kupita, vumbi linapanda. Masikio ya Kiroboto yakasimama, mapaja yakaanza kutetemeka. Akageuza uso kumtazama bibi yake, kama alivyofunzwa.

Bi Sikudhani akapeleka mkono kwenye pindo. Fundo limefunguka. Ukoko wote umemwagika njia ya kisimani, na kuku wa Mama Zumo wanaumalizia.

Hana kitu. Mbuzi wanapita, upinde uko begani, na mbwa anamtazama. Akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka mkono pale shingoni palipochubuliwa na gogo, akatoa ile sauti ya siku zote:

"Kiroboto wangu, kaa. Kaa mwanangu, uko nyumbani."

Wakapita kumi, wakapita ishirini. Kitoto kimoja kikamruka mgongoni. Kiroboto akafumba macho, akafumbua. Mwisho kikaja kile kitoto cha mguu uliovunjika, kimefungwa gango la mwanzi, kinachechemea. Kikasimama, kikamnusa pua. Kiroboto naye akakinusa. Kikaenda zake.

Mzee Shekalaghe akalegeza uzi wa upinde. "Umempa dawa gani huyu?"

"Nimemwambia ahsante, shemeji."

"Basi?"

"Basi. Na wewe ahsante, kwa kuningoja."

Mzee akapiga mluzi, akafuata mbuzi wake.

Vumbi lilipotulia, Bi Sikudhani akamwuliza mbwa, "Leo sikuwa na ukoko. Mbona umekaa?"

"Ukoko ni mtamu, sikatai," akasema Kiroboto. "Lakini tangu bwana alipokufa nyumba hii ilinyamaza. Sauti ile ulikuwa unaitoa siku ya mbuzi tu."

Bi Sikudhani akaingia jikoni, akalichukua lile gogo la Mzee Ngoda, akalitia motoni, akasonga ugali juu yake. Gogo la mkongo lina moto mkali, chungu kikashika ukoko mnene ambao haujapata kuonekana. Nusu akampa Kiroboto, nusu akala mwenyewe, na Bi Ndevu akaletewa majani ya kunde. Na siku nzima ile, waliopita njiani walimsikia akizungumza na mbwa wake, mambo ya kawaida tu, ya mvua na ya mahindi.

Hadithi yangu imejilaza hapo, kama huyo wa mlangoni. Mnamwona alivyotulia? Basi mmoja wenu atakayemvuka akienda kulala, amwambie ahsante.